Taroti au orakoli: seti ipi inamfaa anayeanza kuwasomea watu?

RehemaTanga
Habarini wakuu. Taroti, zile karata za picha za kupigia ramli, nimejifunza kwa programu ya simu, na sasa nataka karata za kushika mkononi, maana mashoga zangu wameanza kuniomba niwasomee. Hela niliyonayo ni ya seti moja. Zipo mbili ninazozitazama: taroti ya Rider-Waite ya karata 78, na orakoli, yaani karata za ramli ambazo kila mtunzi hujipangia mwenyewe, ya karata 44 yenye picha za kupendeza, kila karata imeandikwa neno lake chini: Subira, Msamaha, Mlango Mpya. Hii ya pili imenivutia macho, ile ya kwanza inanitisha kwa wingi. Aliyetumia zote mbili akiwa na mtu mbele yake anieleze tofauti. Naomba sababu, siyo kuambiwa nifuate moyo.

MzeeKopa
Binti yangu, nunua taroti.

Ule wingi usikutishe kama umewahi kucheza karata za kawaida. Kopa ndiyo vikombe, uru ni sarafu, shupaza ni panga, pau ni fimbo. Zile 52 unazozijua, ongeza mpanda farasi mmoja kwa kila aina, zinakuwa 56. Juu yake weka karata kuu 22, kuanzia Mpumbavu mwenye namba 0 hadi Dunia yenye 21. Hapo 78 zimetimia. Vikombe husema mambo ya moyo, sarafu mali na mwili, panga akili na ugomvi, fimbo kazi na hamu ya kutenda. Ukishika hilo na maana ya namba moja hadi kumi, nusu ya kazi umemaliza.

Faida ya mpango huu ni kwamba unasoma hata kabla ya kutazama karata moja moja. Mtu ameuliza kuhusu mume, umetandaza karata kumi, hakuna kikombe hata kimoja, sarafu zimejaa. Hapo unajua swali lake ni la pesa, hata kama amelivalisha mapenzi. Orakoli haina hesabu ya namna hiyo. Kila karata inasimama peke yake, na maana yake ni ile aliyoitaka mtunzi wa seti. Ukibadilisha seti unaanza upya.

La pili ni zito zaidi kwangu. Taroti ina Mnara, ina Shetani, ina panga tatu zilizochoma moyo mvua ikinyesha. Orakoli nyingi za siku hizi zimetungwa ili zifariji, hutapata karata mbaya ndani yake. Aliyekuja na ndoa inayovunjika, ukimtolea "Nuru", "Amani" na "Baraka", hujamsomea. Umembembeleza.

AshaBremen
Shikamoo Mzee. Kwenye hesabu ya aina za karata nakubaliana nawe kabisa, ila hapo kwenye kubembeleza naomba nikupinge kwa heshima.

Wanaokuja kwangu ni akina mama, wengi wamefika Ujerumani baada ya misukosuko. Kuna mtu akiiona Kifo mezani, mifupa juu ya farasi mweupe, masikio yanafunga hapohapo. Umweleze kwamba karata hiyo ni ya jambo kwisha na jingine kuanza, umwoneshe jua linalochomoza nyuma kati ya minara miwili, hakusikii tena. Kwa mtu huyo karata ya orakoli yenye neno moja hufungua mdomo. Anaanza kusimulia mwenyewe, na mara nyingi simulizi ndiyo iliyomleta.

Rehema, kuna njia ya tatu ambayo hukuitaja. Huku nilipo watu wanatumia sana Lenormand, karata 36 tu. Jina ni la mtabiri wa Paris aliyefariki 1843, lakini picha zenyewe zinatokana na mchezo uliotungwa na Hechtel wa Nuremberg mwishoni mwa karne ya 18. Picha ni vitu vya kawaida: meli, nyumba, barua, pete, jeneza, nanga. Zinasomwa kwa jozi. Meli ikikaa na barua, habari au karatasi za safari. Pete na jeneza, mkataba au ndoa imefika mwisho. Ukiuliza jambo la wazi, inakujibu wazi kuliko hizo zote mbili. Udhaifu wake ni kwamba haichimbi ndani ya mtu.

NyotaYaMagharibi
Mimi nasema taroti kwa sababu ni elimu ya makuhani wa Misri ya kale. Orakoli ni biashara ya juzi tu.

Kaskazi
Ndugu Nyota, hilo la Misri tuliache. Karata hizi zilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, kwenye nyumba za watawala wa Milan na Ferrara, na zilikuwa za kuchezea. Habari ya Misri ilienezwa na Mfaransa Antoine Court de Gébelin mwaka 1781, wakati ambao hakuna mtu aliyeweza kusoma maandishi ya Misri ya kale. Champollion alikuja kuyafumbua 1822. Muda mfupi baada ya Gébelin, Etteilla wa Paris akachapisha mafunzo ya kupiga ramli kwa taroti. Kwa hiyo taroti kama chombo cha ramli haina hata miaka mia tatu iliyothibitishwa vizuri, na haipungukiwi kitu kwa hilo.

Kuna jambo la historia linalomhusu Rehema moja kwa moja. Hiyo Rider-Waite, seti ya London ya 1909, ilichorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya A. E. Waite, na mama huyu alichora kisa kwenye kila karata, hata zile ndogo za vikombe, sarafu, panga na fimbo. Tazama vikombe vitano: mtu wa joho jeusi ameinamia vikombe vitatu vilivyomwagika, viwili vimesimama nyuma yake na hajageuka. Asiye na kitabu anaisoma picha hiyo. Kwenye taroti ya Marseille, mtindo wa zamani wa Ufaransa, utaona vikombe vitano vimepangwa tu, basi. Ukinunua taroti, hakikisha karata ndogo zina visa. Na ukisoma vitabu tofauti usichanganyikiwe: Waite aliweka Nguvu namba 8 na Haki namba 11, Marseille ni kinyume chake.

BinSalimMvita
Assalaam alaykum. Sikuja kugombana na mtu. Kwetu Waislamu hapa hapana cha kulinganisha. Sura ya Maida aya ya 90 imetaja mishale ya kupigia ramli pamoja na pombe na kamari, na Wakristo nao wanayo Kumbukumbu la Torati 18. Dada, hao mashoga zako watakuja siku moja kukuuliza waolewe na nani. Jiulize kwanza utabeba vipi jibu lako.

RehemaTanga
Waalaykum salaam kaka. Nimekusikia, na swali lako la mwisho nimelichukua. Mambo ya ghaibu sitamwahidi mtu. Nataka picha mezani zinazomfanya mtu aseme lile analolizunguka.

MamaNakuru
Kama lengo ni hilo, Rehema, taroti. Halafu baadaye ukipata pesa ongeza orakoli, maana zinafanya kazi pamoja vizuri: karata tatu za taroti kueleza hali, na moja ya orakoli mwishoni iwe neno la kuondoka nalo. Asha atakubali, na Mzee naye akijilazimisha.

Ya sokoni sasa. Jihadhari na seti bandia, zimejaa. Bei ya chini mno, picha zenye ukungu, na mahali pa kijitabu wameweka alama ya kuskani kwa simu. Na uliza vipimo. Karata za orakoli mara nyingi ni pana, kwa mkono mdogo kuzichanganya ni taabu, na ukiwa unasoma mbele ya watu mikono inayohangaika inamwondolea mtu utulivu.

RehemaTanga
Nimeamua, Rider-Waite. Swali la mwisho: karata ikitoka kichwa chini niisome hivyohivyo?

MzeeKopa
Kwa sasa igeuze ikae sawa. Karata 78 zina giza na mwanga wa kutosha zikiwa wima. Shuka kwanza na vikombe, mmoja hadi kumi, uvimalize, kisha panga.

AshaBremen
Na kabla hujamtandazia mtu, muulize kama karata ya Kifo inamtisha. Akisema ndiyo, itoe umwoneshe lile jua kabla hujachanganya.