Hali za oda kwenye programu ya Android: enamu, namba za @IntDef au klasi za sealed?

MpishiWaKodi:
Wakuu, habari za jioni. Natengeneza programu ya kuagiza gesi ya kupikia, Android tu kwa sasa, kwa lugha ya Kotlin. Oda inapita hatua nne: INASUBIRI, IMELIPWA, NJIANI, IMEFIKA. Nimeziandika kama enum class (enamu, yaani orodha maalumu ya majina) na mambo yalikwenda vizuri mpaka kaka anayenisimamia kazini alipoikagua kodi. Kasema enamu ni mzigo kwenye simu, nitumie namba 0 mpaka 3. Wengine nawaona na @IntDef (namba za kawaida zenye lebo ya zipi zinaruhusiwa), wengine na sealed (kundi la klasi lililofungwa, lisiloongezewa kutoka nje). Wateja wetu wengi wana simu za RAM ya GB 1 au 2, kwa hiyo sitaki kumpuuza. Mliopita njia hii mnasemaje?

MzeeWaDalvik:
Kaka yako hakutunga. Sisi wa enzi za Eclipse tulisoma kwenye mwongozo wa Google wenyewe kwamba enamu hula zaidi ya mara mbili ya kumbukumbu inayoliwa na namba za kudumu, tukaambiwa tuziepuke. Kila thamani ya enamu ni objekti kamili, kuna safu inayozishika zote, na kila ukiita values() unapewa nakala mpya ya safu hiyo. Kwenye HTC Dream ya 2008 programu moja ilipewa MB 16 tu, basi ilibidi uhesabu kama muuza karanga.

Lakini onyo lile lilishaondolewa. Na R8, kipunguza kodi kinachokuja chenyewe na zana za Android tangu 2019, siku hizi inaweza kuzigeuza enamu nyepesi kuwa namba wakati wa kujenga toleo la kwenda sokoni. Piga hesabu mwenyewe: picha ya mtungi ya pikseli 1000 kwa 1000 ikifunguliwa inakula baiti 4 kwa kila pikseli, yaani MB 4. Hali zako nne hazifiki hata kona ya picha hiyo. Kama simu ya GB 1 inakuhangaisha, anza na picha.

Binti_Pointa:
Mzee kasema kweli. Mimi @IntDef niliiacha kwa sababu nyingine: ile ni lebo tu. Lint (mkaguzi wa kodi) ndiyo inayolalamika, kompaila inayoijenga programu haina habari. Mtu akipitisha 7 mahali pa hali ya oda, programu inajengwa bila kikwazo.

Kwa enamu, tangu Kotlin 1.7 ya 2022, ukiandika when (tawi la kodi kwa kila hali) ukasahau hali moja, kompaila inagoma. Siku utakapoongeza IMEGHAIRIWA itakuonyesha kila skrini uliyoisahau. Ila usiweke else (tawi la "zote zilizobaki"). Else kwenye when ya enamu ni kufagia taka chini ya mkeka.

dobi_digitali:
Nakubali enamu, lakini angalia unavyoihifadhi. Niliwahi kuandika programu ya dobi: IMEPOKELEWA, INAFULIWA, TAYARI, IMECHUKULIWA. Kwenye Room, maktaba ya hifadhidata ya ndani ya simu, nikahifadhi ordinal, yaani namba ya foleni. Mwenye duka akataka hatua ya pasi, nami nikachomeka INAPIGWA_PASI katikati, mahali pake pa haki kabisa. Foleni yote ikasogea. Oda za zamani zenye 3, ambazo zilikuwa IMECHUKULIWA, zikasomeka TAYARI, na arifa zikaenda: "Nguo zako ziko tayari, njoo uchukue." Watu watatu walikuja. Mmoja alikuwa amevaa shati lenyewe.

MpishiWaKodi:
😂😂 Sasa nihifadhi jina?

dobi_digitali:
Room tangu 2.3 inahifadhi jina yenyewe bila kigeuzi. Ila ukibadilisha jina kwenye kodi umejifungia nje ya data yako. Mimi kila thamani naipa msimbo wake, IMELIPWA("imelipwa"), nahifadhi huo msimbo na siugusi tena.

swahiba_wa_swift:
Natokea upande wa iPhone. Swali langu: oda ikiwa NJIANI, namba ya boda anayeileta inakaa wapi? Kwenye Swift ningeandika case njiani(boda: Boda), hali na mzigo wake pamoja. Enamu ya Kotlin haiwezi hilo, maana NJIANI ni moja kwa programu nzima, oda zote zinaigawana. Hapo ndipo sealed interface inapohitajika, kila oda iwe na NJIANI yake, na when inazikagua vilevile. Wenye Flutter walisubiri mpaka toleo la 3 la lugha yao, Dart, mwaka 2023 kuupata uhondo huu.

Binti_Pointa:
Kweli, nililisahau hilo. Boda akiwekwa kando kama sehemu inayoweza kuwa null (tupu), utaishia na oda iliyo njiani isiyo na mletaji.

MzeeWaDalvik:
Nyongeza moja, nadhani ndiyo nzito kuliko zote. Seva itaongeza hali mpya kabla simu hazijasasishwa. Watu wanabana bando, toleo la mwaka jana bado linatembea mtaani. Gson, maktaba ya kusoma data ya seva, ikikutana na neno isilolijua inaweka null kimya kimya, hata kama Kotlin umeitangaza si null, na programu inakuja kuanguka skrini tatu mbele. kotlinx.serialization, maktaba nyingine ya kazi hiyo, inagoma palepale, isipokuwa umewasha coerceInputValues na ukaweka thamani ya msingi ya kutumika badala ya neno geni. Ongeza HAIJULIKANI leo, usingoje.

MpishiWaKodi:
Mrejesho. Kinachotoka kwenye seva na kinachokaa Room ni enamu yenye misimbo, pamoja na HAIJULIKANI. Skrini inasoma sealed interface, NJIANI ikiwa na boda wake. Kaka nimemwonyesha hesabu ya picha ya mtungi, akanyamaza, kisha akaniuliza mteja ataona nini kwenye HAIJULIKANI. Nimeandika "Sasisha programu ili uone hali ya oda yako". Kwenye simu ndogo maneno yanakatika. Mwenye fupi zaidi?

dobi_digitali:
"Tupigie." Weka namba ya duka chini yake.