Ampu ndogo ya valvu ya kupigia gita nyumbani: wati 1 au wati 5?

SoloLaSinza

Wakuu habari za jioni, naomba msaada kwa wanaoyajua haya mambo. Mimi napiga gita la solo, kanisani na kwenye kabendi ketu ka mtaani tukipata harusi, sasa nyumbani nafanyia mazoezi kwenye kaampu ka transista ambako kwa kweli kamenichosha, sauti kavu, ugonge nyuzi taratibu ugonge kwa hasira jibu lake ni lile lile. Juzi kati nimeingia studio ya jamaa nikachomeka kwenye ampu ya valvu (zile taa za kioo kama za redio za zamani), aisee, tangu siku ile silali vizuri.

Hali yangu iko hivi: nakaa nyumba ya kupanga Sinza, ukuta mmoja na jirani ana kichanga, kwahiyo kelele ndo tatizo namba moja. Shemeji yangu yuko Ohio anakuja Desemba, kasema nimtumie linki ataniletea. Binamu naye yuko Birmingham, kila mwaka anashuka kipindi hicho hicho. Nimeangalia Fender Champ ya wati 5, Blackstar HT-1, Marshall DSL1, Bugera V5 na Vox AC4. Kila mtu ana lake, mmoja anasema wati 5 ni za chumbani tu hazisumbui mtu, mwingine anasema wati 1 ni kitu cha kuchezea watoto. Napiga zaidi dansi na rumba, sauti safi, ila ule mkwaruzo mtamu mara moja moja nautaka pia. Nichukue ipi, na kwa umeme wetu huu itapona kweli?

Mzee_wa_Pedali

Mkuu achana na valvu, chukua Boss Katana ndogo, ina hedifoni, ina efekti ndani yake, haichemki, haiungui. Mambo ya valvu ni gharama na kujitafutia presha. Na ukitaka sauti safi kabisa ujue Roland JC-120 ni transista tangu 1975 na wapigaji wakubwa wa sauti safi wanaililia mpaka leo.

SoloLaSinza

Nakubali mzee wangu, ila nishashika valvu, huwezi kunirudisha nyuma 😂

FundiRedioKeko

Kabla hujaanza kuchagua jina la ampu chagua kwanza nani analeta. Hilo ndo swali lako kubwa na naona hujaliuliza.

Ampu ya kununuliwa dukani Marekani mara nyingi transfoma yake imefungwa kwa volti 120 na hezi 60 (mara ambazo umeme unageuka kwa sekunde) basi. Hapa tuna 230 na hezi 50. Sio kama chaja ya simu ambayo inajirekebisha yenyewe, huku ndani kuna lichuma limezungushiwa waya, ukichomeka moja kwa moja ukiwa na bahati inakufa fyuzi, ukikosa bahati inakufa transfoma na moshi juu. Sawa utasema nitanunua transfoma ya kushushia, zipo Kariakoo kibao, na ampu ya wati 5 haili umeme mwingi, kwenye ukuta inavuta kama wati 40 hivi, luku haitalia. Lakini sikiliza, transfoma ya kushushia inashusha volti, haibadilishi hezi. Ile ya 60 ukiipa 50 chuma chake kinabeba mzigo wa ziada kama asilimia 20, inachemka kuliko alivyokusudia aliyeitengeneza. Nyingine zinavumilia miaka, nyingine zinaanza kuunguruma mapema, hujui ya kwako ni ipi mpaka uiwashe. Alafu zile za kushushia za bei chee nyingi hazipitishi waya wa eathi (ule wa usalama unaopeleka umeme ardhini), zina matundu mawili tu, na hapo ndo pabaya kuliko vyote maana nyuzi za gita lako zimeungwa na bodi la chuma la ampu. Bodi likipata hitilafu wewe ndo unakuwa eathi. Mpigaji anayeimba huku mdomo umegusa maiki ya chuma analijua hilo teke.

Kwa maana hiyo shemeji mwambie asante, ampu iletwe na binamu. Ya Uingereza ni 230 hezi 50, na plagi yao ni hii hii yetu ya miguu mitatu ya bapa. Inatoka kwenye boksi inaingia ukutani.

Halafu muulize mwenye nyumba kama eathi ya hiyo nyumba ni ya kweli. Nimefungua soketi nyingi tu, ule waya wa kijani na njano umekatwa mfupi haujaenda popote. Fundi umeme anapima dakika chache.

Kuhusu umeme kukatika, kukatika kwenyewe hakuna shida, shida ni pale unaporudi kwa kishindo, au unapokuwa mdogo jioni watu wote wanapika. Weka ile gadi ya friji, inatosha kabisa, inakata umeme ukizidi au ukipungua na ukirudi inasubiri kidogo kabla ya kuruhusu. Ukizimika ghafla unapiga, zima swichi ya ampu, usiiache wazi.

BinamuWaMidlands

Sio binamu yako mimi lakini niko huku huku Birmingham na ninapigia chumbani, fleti, jirani juu na chini, kwahiyo naongea ninachokiishi.

Watu wanachanganya wati na kelele. Spika ya gita imetengenezwa ipige kelele, Celestion Greenback ya inchi 12 kwa mfano ukiipa wati 1 tu ukasimama mita moja mbele yake ni desibeli 98. Watu wakiongea kawaida ni kama 60! Ukitoka wati 1 kwenda wati 5 umeongeza desibeli 7 tu, wala sio kelele mara tano, kwa sikio ni kama imepanda mara moja na nusu hivi. Na ukishuka kutoka wati 1 mpaka 0.1 umetoa desibeli 10, sikio linasikia kama imekuwa nusu. Nusu tu! Yaani aliyekwambia wati 5 ni za chumbani hazisumbui huyo anakaa shambani.

Lakini hapo ndo wengi wanapokosea kuuliza, maana volyumu unaweza kushusha kwenye ampu yoyote hata ya wati 100. Suala ni sauti inakuwaje ikiwa imeshushwa. Ile asali unayoitafuta, unapokandamiza nyuzi inakwaruza kidogo na ukilegeza mkono inakuwa safi, hiyo inapatikana valvu zikianza kuelemewa. Kwenye Champ ya kizamani ile yenye kitufe kimoja tu cha volyumu, ili ielemewe lazima uifungulie mpaka kichanga cha jirani kiamke. Ndo maana kwa nyumbani mimi natafuta moja kati ya mambo mawili: iwe na gein (kitufe cha kuelemea valvu za mwanzo) na masta volyumu (kelele ya mwisho) mbalimbali, au iwe na swichi ya kupunguza wati. Bugera V5 ina valvu moja ya EL84 na swichi ya 5, 1 na 0.1. Marshall DSL1 ina 1 na 0.1. Blackstar HT-1 yenyewe imefanya ujanja, kwenye sehemu ya mwisho ya nguvu wameweka ECC82, valvu ndogo ambayo kwa kawaida unaikuta sehemu ya mwanzo, ndo maana wati zake ni 1. Ina pia tundu la hedifoni, usiku unajifungia.

Kwa mkwaruzo mdogo mdogo wa usiku HT-1 na DSL1 zinakutosha. Ila zote mbili zikija kama kombo, yaani ampu na spika kwenye boksi moja, zina spika ya inchi 8, kasauti kake kako kiboksiboksi, hilo nakwambia mapema usije kunilaumu.

kapuka_rumba254

Wakubwa shikamooni, mimi niko Nairobi na napiga rumba, nimesoma hapo juu nikaona mnamshauri huyu jamaa kama mtu wa roki. Amesema SAUTI SAFI. Mnampeleka kwa DSL1 na HT-1, hizo zimetengenezwa zikwaruze mapema!

Solo ya rumba inataka nafasi juu, yaani ampu ibaki safi hata ukipiga kwa nguvu. Unapiga zile noti za juu haraka haraka, kila noti isimame peke yake, ikiwa ampu inaelemewa noti zinapandana inakuwa uji. Mimi ningechukua Vox AC4C1-12, ni wati 4, EL84 moja, na spika ni Celestion ya inchi 12. Hiyo 12 ndio siri. Inatoa ule uzito wa chini ambao 8 haina, hata ukipiga polepole kabisa sauti ina mwili. Ina gein na volyumu tofauti kwahiyo ukitaka kuichafua kidogo unaichafua.

BinamuWaMidlands

@kapuka_rumba254 kuhusu inchi 12 nakuunga mkono mia kwa mia. Kuhusu wati hapana. Nyumbani na mtoto jirani huyu bwana atakuwa anapiga chini ya wati 0.1 muda mwingi, sasa kwa kiwango hicho hata ampu ya wati 1 bado haijaelemewa, iko safi kabisa. Nafasi ya juu unayoisema inahitajika akienda kupiga na drama (ngoma za bendi), na akienda na drama hata hiyo wati 4 itazama.

kapuka_rumba254

Hapo kwa drama umenishika. Lakini bado, mkono ukipiga kwa nguvu ule mdundo wa kwanza wa noti unaruka juu mara kadhaa kuliko wastani wa sauti, na ampu ya wati 1 inabanwa hapo, inasikika. Wengine wanaupenda huo mbano, mimi siupendi kwa rumba. Aende asikilize mwenyewe.

Na kuna njia nyingine. Hizo HT-1 na DSL1 zinauzwa pia kama kichwa peke yake bila spika. Binamu alete kichwa kwa begi la mkononi na spika moja ya gita ya inchi 12, halafu fundi wa mbao akutengenezee sanduku la plaiwudi, nyuma liwe wazi nusu. Hapa kwetu tunafanya hivyo sana. Usidanganywe ununue spika ya sabwufa ya mtaa wa Luthuli huku Nairobi ama Kariakoo uweke hapo, spika ya gita inakata sauti za juu kabisa kuanzia kama kilohezi 5, ndio maana mkwaruzo unasikika mtamu, ukiweka spika ya muziki wa kawaida utasikia nyuki. Angalia tu omu (ukinzani) za spika zilingane na zile zimeandikwa nyuma ya kichwa, 8 kwa 8, 16 kwa 16.

FundiRedioKeko

Hiyo ya sanduku naipenda, ila nisisitize kwa herufi kubwa: AMPU YA VALVU USIIWASHE BILA SPIKA KUCHOMEKWA. Ya transista inavumilia, ya valvu unaua transfoma ya kutolea sauti na hiyo ndo roho ya bei yake. Kichwa na sanduku vikiwa mbalimbali ndo makosa haya yanatokea, mdogo wako anaazima waya wa spika alafu wewe unakuja kuwasha.

SoloLaSinza

Nimesoma yote wakuu, mbarikiwe. Sasa nipo kati ya AC4 ya inchi 12 na HT-1 kichwa na sanduku la seremala. Swali la mwisho, valvu zikifa napata wapi? Au ndo litakuwa pambo la sebuleni?

FundiRedioKeko

Valvu ndogo za mwanzo, ECC83, ambazo Wamarekani wanaziita 12AX7, hizo ukizitunza zinakaa miaka mingi. Za nguvu kama EL84 ndo zinachoka, kwa matumizi ya nyumbani usiwe na wasiwasi nazo mapema. Viwanda vilivyobaki duniani ni vichache, Urusi kule Saratov, Slovakia na China, na mwaka 2022 Urusi ilipozuia kwa muda kuuza nje bei zilipaa hatari. Binamu aje na seti moja ya akiba ndani ya soksi, ndogo hazina uzito.

Hapa Dar adui yako ni hewa ya bahari kuliko uchakavu. Miguu ya valvu na soketi zake vinashika ukungu wa kijani, ampu inaanza kukohoa, watu wanadhani valvu imekufa kumbe ni uchafu. Zima, chomoa ukutani, iache ipoe kabisa, ichomoe valvu uirudishe mara kadhaa, mara nyingi inapona. Kwa zile zenye valvu nje hiyo unaweza mwenyewe. Lakini kufungua bodi usithubutu, ndani kuna volti 300 kuja juu na kapasita zinaushika huo umeme hata baada ya kuchomoa. Leta kwa mtu anayejua kuzimaliza huo umeme kwanza.

SoloLaSinza

Basi nimeamua AC4, sina subira ya seremala wa Sinza, huwa wanasema kesho 😂 Binamu nishamtumia ujumbe aitafute ya mkononi huko huko. Shemeji nitamwagiza nyuzi na pedali ya dilei (mwangwi), hivyo havina mambo ya volti.

BinamuWaMidlands

Pedali yenyewe haina shida, adapta yake ndo ina shida. Mwambie aisome mgongoni, ikiandikwa 100-240 ailete, ikiandikwa 120 peke yake aiache Ohio ununue ya hapo, 9V, na uhakikishe hasi iko katikati ya kichomeo chake.