Naomba ushauri: darubini ya kompyuta inakataa kulinganishwa na nyota, niko Nyegezi, Mwanza

MwalimuNyegezi

Wakuu, heshima zenu. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika sekondari moja hapa Nyegezi. Kaka yangu anayefanya kazi ng'ambo ameniletea darubini ya kompyuta yenye kioo cha kipenyo cha milimita 130 na urefu wa fokasi wa milimita 650, pamoja na lenzi mbili za kutazamia, moja ya milimita 25 na nyingine ya milimita 9. Imekaa juu ya stendi ya miguu mitatu, na mota zake huizungusha kushoto na kulia, kuipandisha na kuishusha, kwa amri za rimoti. Nia yangu ni kuitumia na klabu ya wanafunzi, lakini kwanza niielewe mwenyewe.

Jumamosi iliyopita, katikati ya mwezi huu wa Julai, anga ilikuwa safi na hapakuwa na mwezi. Niliisimamisha uwanjani nikajaza taarifa ambazo rimoti inazidai. Kwa kuwa Mwanza haimo katika orodha yake ya miji, nilichagua Nairobi. Kwa kuwa ilikuwa saa mbili kamili usiku, niliandika 2:00 PM. Kanda ya saa niliweka +3, na tarehe niliijaza kwa kutanguliza mwezi, kama kitabu kinavyoelekeza. Nilipochagua njia ya kulinganisha kwa nyota mbili, yaani kuilenga darubini kwenye nyota mbili ili rimoti ijue inatazama wapi angani, rimoti ilinipa orodha ya nyota za kuanzia, nyingi kati yake sizioni popote, zikiwemo Sirius na Canopus. Nilipohamia njia ya nyota tatu angavu, ambayo haihitaji mtu kujua majina yake, niliilenga Antares, nikailenga Spica, kisha Arcturus, na kila mara jibu lilikuwa kwamba ulinganishaji umeshindikana. Kitabu kinataja pia Nyota ya Kaskazini, nami sijui niitafute wapi. Je, chombo kina hitilafu?

FundiRedio

Mwalimu, kabla ya yote angalia umeme. Mashine za aina hii hubeba betri ndogo nane, na zikianza kuchoka mota hukimbia ovyo na rimoti hujizima na kujiwasha yenyewe. Tafuta betri kavu ya voti 12, hata ile ya pikipiki inafaa, uunge plagi ambayo ncha yake ya katikati ni chanya, na uweke fyuzi. Usiunge moja kwa moja kwenye paneli ya sola, kwa sababu paneli inayoitwa ya voti 12 hutoa voti zaidi ya hizo ikiwa haina mzigo.

MzeeWaBukoba

Ushauri wa Fundi ni mzuri na ufuatwe, ila ugonjwa wa darubini hii hauko kwenye betri. Mwalimu ameeleza dalili zake vizuri kiasi kwamba jibu limo ndani ya swali lenyewe.

Tazameni nyota ambazo rimoti ilipendekeza. Katikati ya Julai, saa mbili usiku, Sirius na Canopus zimeshazama zamani. Lakini siku hiyo hiyo, saa nane mchana, nyota hizo mbili zilikuwa juu ya Mwanza, Sirius upande wa magharibi na Canopus kusini-magharibi, isipokuwa mwanga wa jua ulizificha. Maana yake rimoti iliamini kwamba ni saa nane mchana, na 2:00 PM ndiyo hiyo saa nane mchana. Mashine huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia machweo na mawio, na tofauti ni saa sita. Saa mbili usiku iandikwe 8:00 PM, au 20:00 kama rimoti yako inakubali mtindo wa saa 24. Ungeandika 2:00 AM, orodha ingekuja na akina Altair na Fomalhaut, ambazo ni za usiku mkubwa.

Kwa sababu hiyo hiyo njia ya nyota tatu nayo iligoma. Rimoti hupima umbali kati ya nyota ulizolenga na kuulinganisha na ramani ya anga ya saa uliyoitajia, na kwa ramani ya saa nane mchana Antares ilikuwa bado haijachomoza. Kwa hiyo chombo hakina ubovu wowote.

Ni vyema ujifunze kusoma ukubwa wa kosa, maana mara nyingi ndio unaoonyesha chanzo chake. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa. Darubini ikikosea nyuzi 15 hivi, kagua kama umewasha saa za majira ya joto, yaani kusogeza saa mbele kwa saa moja, ambazo Tanzania hatunazo. Ikikosea robo nzima ya duara, ni saa sita zimepotea, ama kwa sababu ya saa yetu, ama kwa kuandika kanda -3 badala ya +3. Ukiweka longitudo ya magharibi badala ya mashariki, utahama nyuzi 66 hivi. Kugeuza siku na mwezi huleta kosa la takriban nyuzi moja kwa kila siku iliyozidi au kupungua, na hilo hutokea siku za mwanzoni mwa mwezi tu, kwa kuwa kuanzia tarehe 13 mashine haina mwezi wa kuikubalia.

Kuhusu Nairobi, iko karibu nyuzi 4 mashariki ya Mwanza, yaani robo saa ya mzunguko. Si kosa la kuangusha kila kitu, lakini hakuna sababu ya kulibeba. Ingia mahali pa kuandika eneo lako mwenyewe, ujaze latitudo nyuzi 2 dakika 31 Kusini na longitudo nyuzi 32 dakika 54 Mashariki. Uwe Nyegezi, Igoma au Kisesa, namba hizo zinatosha. Saa ya simu nayo inatosha.

Nyota ya Kaskazini usiitafute. Kwa mtu aliye Mwanza iko chini ya upeo wa macho, na darubini yako haiihitaji.

KijanaWaIgoma

Naomba kuchangia tofauti kidogo. Nimesoma kwamba stendi ya ikweta ndiyo bora, ile ambayo mhimili wake huelekezwa kwenye ncha ya anga, mahali ambapo nyota zote huonekana kupazunguka. Kwa nini Mwalimu asiiuze hii akatafuta hiyo, ilhali sisi tuko karibu na ikweta kabisa?

MzeeWaBukoba

Kijana, jina lake limekuhadaa. Ukaribu wetu na ikweta ndio unaotuondolea faida hiyo. Mhimili wa stendi ya ikweta huinuliwa kwa kiasi cha latitudo ya mahali, na kwa Mwanza ni nyuzi mbili na nusu tu juu ya upeo wa macho wa kusini, yaani umelala karibu sawa na ardhi. Stendi nyingi zinazouzwa haziwezi kushushwa kiasi hicho, uzito wa kusawazishia hugonga miguu, na ncha yenyewe ya anga imezama kwenye ukungu na miti. Kwa kutazama kwa macho, stendi ya Mwalimu ndiyo inayofaa kanda yetu. Upungufu wake ni mmoja: inahangaika na vitu vilivyo utosini, kwa sababu hapo mota ya mzunguko hulazimika kugeuka sana kwa hatua ndogo ya nyota. Kwa hiyo usichague nyota ya utosini kwa kulinganisha, na kitu kikiwa juu ya kichwa subiri kishuke.

MwalimuNyegezi

Shikamoo Mzee, nashukuru sana. Jana niliandika 8:00 PM na latitudo na longitudo za Mwanza, na kwa mara ya kwanza rimoti ilikubali nyota tatu nilizoilengea. Hata hivyo, nikiiamuru iende kwenye kitu, kitu hicho hukaa pembeni kabisa mwa duara la lenzi ya milimita 25, na wakati mwingine kiko nje. Pia kile kilengeo cha nukta nyekundu, kifaa kidogo cha kulengea kilichopachikwa juu ya bomba, hakikubaliani na darubini yenyewe: nyota ikikaa kwenye nukta, ndani ya lenzi haimo.

MzeeWaBukoba

Marahaba, Mwalimu. Sasa umebakiwa na kazi ya mikono.

Anza na kilengeo, na ukirekebishe mchana, kwa sababu usiku utachoka bure. Elekeza darubini kwenye kitu kilicho mbali kisichosogea, kwa mfano kilele cha mnara wa simu ulio kilomita moja au zaidi, ukiweka lenzi ya milimita 25. Ukishakiona katikati, zungusha skrubu mbili za kilengeo mpaka nukta nyekundu ikae juu ya kilele hicho hicho. Badilisha lenzi uweke ya milimita 9, urudie kwa makini zaidi. Jua liwe mgongoni kwako muda wote, na mwanafunzi asiachwe peke yake na chombo hicho mchana, maana jua likipita ndani ya darubini mara moja tu linaweza kumpofusha mtu.

Baada ya hapo, chukua pimamaji ya fundi uashi uilaze juu ya stendi kabla ya kupachika darubini, kisha urefushe au ufupishe miguu mpaka povu litulie katikati. Usiku, ukiwa unalenga nyota za ulinganishaji, ilete nyota katikati kwa lenzi ya milimita 25, inayokuza mara 26, halafu umalizie kwa ile ya milimita 9, inayokuza mara 72. Nukta ndogo ya nyota ni ngumu kuiweka katikati kwa kukisia. Mimi hulegeza fokasi mpaka nyota ivimbe na kuwa pete pana, ndipo naona mara moja upande gani umebaki na nafasi kubwa. Mguso wa mwisho kwenye rimoti uwe wa mshale wa juu na mshale wa kulia tu. Gia za mota hizi zina ulegevu, na ukimaliza kila nyota kwa mwelekeo ule ule ulegevu huo hauingii kwenye hesabu.

Na nyota zako zilikuwa karibu mno na utosi. Saa mbili usiku majira haya, Spica na Arcturus zote mbili ziko juu sana. Subiri mpaka saa tatu usiku, utumie Vega, iliyo kaskazini-mashariki kwa kimo cha nyuzi 33 hivi, Spica ambayo itakuwa imeshuka magharibi, na Alfa Centauri upande wa kusini kwa kimo cha nyuzi 30. Hizo tatu zimetawanyika vizuri. Alfa Centauri rimoti nyingi huiita Rigil Kentaurus, na kando yake kuna Hadar. Zote mbili zinaelekeza kwenye Msalaba wa Kusini, na iliyo mbali zaidi na Msalaba, ambayo pia ndiyo angavu zaidi, ndiyo Rigil Kentaurus. Watu huzichanganya, na rimoti haitakwambia.

DadaWaUkerewe

Naongeza la mahali pa kusimama, kwa kuwa naona Mwalimu ni jirani wa ziwa. Mawe yetu makubwa yanavutia kusimamishia stendi, lakini mwamba uliochomwa na jua kutwa nzima huendelea kutoa joto hadi usiku, na hewa inayopanda kutoka hapo huifanya nyota itetemeke kwenye lenzi. Sakafu ya zege ni vivyo hivyo. Tafuta nyasi fupi, ardhi ngumu, na uitoe darubini nje mapema ili kioo kipoe.

Kingine ni kwamba usiku tunaoutaka sisi, wa giza la mwezi, ndio huo huo wanaoutaka wavuvi wa dagaa. Ukitazama ziwa kwa upande wa chini utaona mstari mrefu wa taa zao, na mgeni anaweza kuilenga taa akidhani ni nyota inayozama. Chochote kilicho chini sana juu ya maji kiache. Kwa kusomea rimoti tumia tochi iliyofunikwa kitambaa chekundu, kwanza ili macho yasipoteze mazoea ya giza, pili kwa sababu taa nyeupe ufukweni huita wale wadudu wadogo wa ziwani, nao huingia mpaka ndani ya bomba. Umande ukianza kutua kwenye lenzi, usiifute kwa kanga. Iweke mfukoni ipate joto, utumie ile nyingine.

MwalimuNyegezi

Nimeyafuata yote, na jana Vega, Spica na Rigil Kentaurus zilikubalika bila kurudia. Nyota ya kusini ilijigawa kuwa mbili kwa lenzi ya milimita 9, jambo ambalo sikulitarajia. Swali la mwisho: wanafunzi ishirini wakipanga foleni, mmoja wao akaigonga stendi, nianze upya?

MzeeWaBukoba

Ndiyo maana nimekwambia Alfa Centauri, ni nyota pacha, na iko miaka-nuru 4 na kidogo kutoka kwetu, yaani mwanga wake husafiri miaka hiyo kutufikia. Kuhusu foleni, ikigongwa kidogo tu ingia kwenye menyu ya ulinganishaji uchague kubadilisha nyota mojawapo ya ulinganishaji, uilete katikati upya, uendelee. Miguu ikihama kabisa, au umeme ukikatika, hapo utaanza mwanzo. Mwanafunzi aweke mikono yake nyuma ya mgongo anapoinama kutazama, na waya wa betri ufungwe kwenye mguu wa stendi ili asiukanyage.

Kabla hawajafika, iamuru iende NGC 5139, ambayo ni Omega Centauri, kundi kubwa la nyota lililo juu kidogo ya Msalaba upande wa mashariki. Ukiliona kama wingu la duara katikati ya lenzi ya milimita 25, waite wanafunzi.