Wakuu, Ujerumani au Bagamoyo? Naombeni ushauri, muda unaisha

UmandeWaPongwe: Wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Niko Tanga, nina PhD ya vimelea vya malaria, upande wa kuchambua jeni kwa kompyuta. Profesa mmoja Ujerumani anataka niombe naye ufadhili wa Ulaya wa Marie Skłodowska-Curie, mwisho Septemba. Kuna pia mkataba wa utafiti Bagamoyo, mshahara wa kawaida. Usingizi sipati.

KigodaChaBarazani: Nenda Ulaya. Bagamoyo utakula pweza mpaka lini?

MamaChumbageni: Mwanangu, umeolewa? Mdogo wangu alikwenda Uholanzi kusoma, kurudi mchumba kaoa jirani. Na harusi tukaalikwa.

BabaKorogwe: Mie mwanangu alikuwa kwenye majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S hapa Korogwe, yalianza 2009. Akipata homa tu anapimwa. Wale vijana wa maabara walikuwa na adabu sana, si kama wa siku hizi.

Pipeti: Tusome masharti. PhD uwe umeshaitetea kabla ya tarehe ya mwisho, na usizidishe miaka 8 ya utafiti tangu uipate. Halafu, ndani ya miezi 36 kabla ya tarehe hiyo, usiwe umeishi au kufanya kazi zaidi ya miezi 12 kwenye nchi unayoiomba. Ujerumani umewahi kukaa?

UmandeWaPongwe: Nimepitapita.

Pipeti: Lini, na kwa muda gani?

UmandeWaPongwe: Sehemu ya PhD nilifanyia huko. Mwaka na kitu, nimerudi mwaka jana. Lakini andiko limeshaiva: nafuatilia mabadiliko ya jeni ya kelch13, kama lile liitwalo R561H lililoonekana Kagera, yanayowapa vimelea usugu kwa artemisinini, dawa ya malaria. Na anwani yangu ya barua muda wote ilikuwa Tanga.

Pipeti: Sanduku la posta halikuishi Ujerumani, uliishi wewe. Viza itakuumbua. Sharti linahusu nchi mwenyeji, kwa hiyo tafuta maabara Ufaransa au Hispania, andiko unahama nalo. Na Bagamoyo usiidharau, chanjo nyingine ya malaria, R21, nayo ilijaribiwa pale.

MchunaNazi: Subirini kwanza. Hii chai. Akaunti hii juzi ilikuwa inatafuta fuso la kubeba machungwa Muheza. Leo PhD?

UmandeWaPongwe: Shamba la baba. PhD bado hailipi, machungwa yanalipa.

Pipeti: Taja basi programu unazotumia.

UmandeWaPongwe: BWA kupanga mfuatano wa jeni, GATK kutafuta tofauti. Jana umeme umekatika kazi ikiwa nusu, betri ya kompyuta ilishakufa, nimeanza upya.

MchunaNazi: Hayo hata Google inayajua. Chai, ila ina tangawizi.

UmandeWaPongwe: Amini usiamini. Pipeti, Ufaransa simjui mtu. Na huyu profesa nishamwambia ndiyo, nitamrudia vipi?

Pipeti: Mwandikie leo, umuulize anamjua nani huko. Sharti hilo analijua vizuri kuliko wewe.

KigodaChaBarazani: Hayo mtamalizana. Dada, machungwa bado yapo? Nina wateja Mombasa.