Barua ya babu kuhusu kujiuzulu kwa Mzee Mwinyi, 1977

Mjukuu wa Karani
Ndugu zangu, salaam. Nilipokuwa nikipanga nyaraka za marehemu babu yangu, aliyekuwa karani wa mahakama ya mwanzo, nilikuta barua aliyomwandikia mdogo wake kwa mkono, kurasa nne za daftari, muda mfupi baada ya Mzee Ali Hassan Mwinyi kujiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani, Januari 1977, kwa sababu ya raia walioteswa na wengine kufia mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga. Kurasa tatu babu anamsifu waziri aliyebeba kosa asilolitenda yeye mwenyewe. Katika ukurasa wa nne mwandiko unakuwa wa haraka, naye anauliza kuondoka kwa waziri kunamfaa nini mjane wa aliyefia mahabusu. Je, kujiuzulu kwa namna ile ni sehemu ya utawala wa sheria, au ni uungwana wa mtu binafsi tu?

Wakili Mstaafu
Mjukuu, babu yako aligusa penyewe. Kujiuzulu ni uwajibikaji wa kisiasa: hakuna ushahidi unaopimwa wala hatia inayotamkwa, na ndiyo maana Mzee Mwinyi aliweza kurudi, akawa Rais wa Zanzibar mwaka 1984 na wa Muungano mwaka 1985. Sheria huanza kazi pale aliyepiga anaposimama kizimbani, na katika mkasa huu baadhi ya maofisa walishitakiwa na kutiwa hatiani, jambo linalosahaulika kwa kuwa sifa zote zilikwenda kwa waziri. Ukumbuke pia kwamba wakati huo Katiba yetu haikuwa na sura ya haki za binadamu. Iliingizwa mwaka 1984, na ibara ya 13(6)(e) ndiyo inayopiga marufuku mtu kuteswa. Mjane wa wakati ule hakuwa na ibara hiyo ya kushika mkononi.

Binti wa Kahama
Shikamoo, Wakili. Naongeza kwamba kujiuzulu kunaweza kumnyima haki hata anayejiuzulu. Februari 2008, katika kashfa ya mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond, Edward Lowassa aliacha uwaziri mkuu akilalamika bungeni kwamba Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Dkt. Harrison Mwakyembe haikumhoji. Mahakama haikupata kuamua lolote juu yake, kwa hiyo wanaomtetea na wanaomlaumu wanabishana mpaka leo.

Mjukuu wa Karani
Ahsanteni sana. Nimeanza kuichapa barua hiyo kwa ajili ya familia, ila kuna neno moja linalonishinda. Babu anasema waziri "ameilinda dhamana yake", au pengine "dhamira yake". Wino umesambaa katikati ya neno.

Wakili Mstaafu
Usichague. Chapa yote mawili, moja liwe kwenye mabano.