Nani hulipia mafunzo ya mtafiti kijana wa mbega anayehitaji taaluma zaidi ya moja?

Mwanafunzi wa uzamili, Morogoro:

Ndugu wanajamvi, heshima kwenu nyote. Ninasoma shahada ya uzamili, na utafiti wangu unahusu mbega wekundu, kima walao majani, wa misitu midogo iliyo pembezoni mwa milima ya Udzungwa. Nilipoanza nilidhani kazi yangu ni kuhesabu makundi na kuorodhesha miti wanayokula. Baada ya miezi mitano msituni nimeona kwamba swali langu halijibiki kwa njia hiyo peke yake. Mbega wanategemea miti iliyobaki, miti inategemea kiasi cha kuni zinazochukuliwa na wanavijiji, na haja ya kuni haikukoma pale ukusanyaji wake ndani ya hifadhi ya taifa ulipopigwa marufuku mwaka 2011. Tena ninakuta katika kinyesi mayai ya minyoo nisiyoweza kuyatambua, wala kusema kama yanahusiana na watu na mifugo wanaopita humo.

Kwa hiyo nahitaji kujifunza utambuzi wa vimelea kwa hadubini na kwa vinasaba, na pia namna ya kuhoji kaya kwa utaratibu unaokubalika katika sayansi ya jamii. Nimeandika maombi mawili. Jopo la kwanza lilijibu kwamba andiko langu limeelemea mno upande wa watu, na la pili likajibu kwamba limeelemea mno upande wa wanyama. Wote walikuwa tayari kulipia mafuta ya pikipiki na posho ya mwongozaji wa msituni, lakini hakuna aliyekubali kulipia mimi kufundishwa. Naomba mnielekeze: je, upo mfuko unaogharimia mafunzo mtambuka kwa sisi tunaoanza, au nipunguze swali langu lilingane na fani moja?

Mhadhiri mstaafu, Dar es Salaam:

Mwanangu, usilipunguze swali. Fikiria habari za kipunji. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakizungumza na wawindaji wa Kinyakyusa kando ya Mlima Rungwe walielezwa juu ya kima ambaye wanasayansi hawakumjua, na mwaka uliofuata timu nyingine ikamwona katika msitu wa Ndundulu, huko huko Udzungwa unakofanyia kazi. Alipotangazwa mwaka 2005 aliwekwa katika kundi la mangabei, kima wenye mikia mirefu, kwa kutazama umbo lake kwenye picha. Baadaye ulipatikana mzoga wa kipunji mchanga aliyenaswa katika mtego wa mkulima, na mwaka 2006 vinasaba vikaonyesha kwamba yuko karibu zaidi na nyani kuliko mangabei, ndipo akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake la pekee katika uainishaji. Yalihitajika mazungumzo na wawindaji, miguu ya kupanda milima na kazi ya maabara ili kumjua mnyama mmoja. Linaloniuma hadi leo ni kwamba kazi ya maabara ilifanyika Marekani, kwa kuwa hapa kwetu hatukuwa tumeandaa vijana wa kuifanya.

Kuhusu fedha, usisubiri mfuko mmoja ukubebe mwanzo hadi mwisho. Rufford Foundation hugharimia kazi ya uhifadhi uwandani na hailipi ada ya chuo. IDEA WILD hutoa vifaa badala ya fedha taslimu, kwa hiyo hadubini iombe huko. Leakey Foundation ina ufadhili wa Baldwin kwa wanafunzi wa nchi ambazo nafasi za masomo ya juu ni chache, ila wao wanaangalia chimbuko la binadamu, nawe utalazimika kuwaeleza vizuri mbega wako wanaingiaje humo. International Primatological Society, chama cha kimataifa cha watafiti wa kima, nyani na sokwe, kimekuwa kikiandaa mafunzo kwa watafiti wa nchi zenye wanyama hao kabla ya mikutano yake mikuu, na mkutano wa mwaka 2018 ulifanyika Nairobi. Kuna pia Tropical Biology Association, ambayo kozi zake za mwezi mmoja porini zimewahi kufanyika Kibale (Uganda) na Amani (Tanzania), na vijana wengi wa Afrika wamezihudhuria kwa ufadhili. Omba kila mmoja kipande chake, nawe ubaki na swali lako likiwa zima.

Daktari wa wanyamapori, Fort Portal:

Shikamoo mwalimu. Orodha yako ni ya kweli, lakini kwa heshima zote nina shaka na njia ya vipande. Nimewasimamia vijana waliokuwa na wafadhili wanne kwa mara moja, kila mfadhili na tarehe yake ya ripoti na fomu yake ya matumizi, na nimeona mwaka wa pili wa shahada ukiishia kwenye makaratasi huku sampuli zikiharibika. Bora wafadhili wawili wanaoelewa unachofanya.

Dada (au kaka, uniwie radhi kama nimekosea), mimi ningekushauri uchague fani moja tu ya pili utakayoijua kwa mikono yako, na ile ya tatu umtafute mwenzako wa kushirikiana naye. Utafiti wa Gombe uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba sokwe walioambukizwa SIV, virusi vya jamii moja na VVU, walikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao wa umri kama wao ambao hawakuambukizwa. Matokeo hayo yalitokana na miaka tisa ya kufuatilia sokwe 94 na kupima kinyesi na mkojo wao, na ndani ya kazi hiyo walikuwamo wafuatiliaji wa msituni, wataalamu wa virusi na wataalamu wa magonjwa ya tishu. Hakuna aliyekuwa yote hayo peke yake. Ila kila mmoja alijua vya kutosha juu ya kazi ya jirani yake hata akaweza kumuuliza swali la maana.

Sasa nije kwenye bajeti, maana naona hapo ndipo ulipokwama. Ukiandika neno "mafunzo" majopo mengi ya utafiti hukata mstari huo, kwa kuwa wanahesabu kwamba kufundisha ni wajibu wa chuo. Ukiandika "uchambuzi wa sampuli" wanalipa, na fedha hizo kwa kawaida huenda kwa maabara inayopokea vichupa vyako na kukurudishia jedwali la majibu. Zungumza na maabara ya vimelea kabla ya kuomba, mkubaliane kwamba uchambuzi utafanywa na wewe mwenyewe chini ya usimamizi wao kwa wiki sita au nane, kisha uandike hivyo hivyo waziwazi katika andiko, ukiambatanisha barua yao. Wala si hila, kwa sababu mfadhili anapata majibu aliyoyalipia, nawe unatoka na ujuzi. Tena huna haja ya kwenda mbali. Chuo Kikuu cha Sokoine, hapo hapo Morogoro, kina ndaki ya tiba ya wanyama na kina SACIDS, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya kuambukiza inayoshughulikia Afya Moja (yaani afya ya watu, wanyama na mazingira kwa pamoja), na mtandao wa AFROHUN umeundwa ili vyuo vya tiba ya binadamu, vya mifugo na vya mazingira vifundishe pamoja. Anza kwa kubisha milango iliyo karibu.

Msaidizi wa utafiti, Kigoma:

Naomba niongeze jambo moja. Mimi nimefuata sokwe msituni kwa miaka kumi na minne nikiwa na cheti cha kidato cha nne. Sampuli nyingi mnazozitaja tunazikusanya sisi. Matangazo ya ufadhili kwa watafiti wanaoanza karibu yote yanataka shahada, na mengine yanaweka ukomo wa umri, kwa hiyo mtu kama mimi hahesabiwi kuwa anaanza wala kuwa amefika. Ukipata hizo wiki sita za maabara, mwombee nafasi na mwongozaji wako hata kwa wiki moja. Mimi niliwahi kuonyeshwa mara moja tu yai la mnyoo kwenye hadubini, na tangu siku hiyo nilibadili namna ninavyoweka sampuli kwenye kichupa, kwa sababu nilielewa kinachoharibika ninapochelewa.

Mwanafunzi wa uzamili, Morogoro:

Shikamooni wakubwa zangu, na ahsanteni sana. Nimechagua vimelea, na kwa upande wa kaya nitamwomba mwenzangu wa uchumi wa kilimo tuandike sura hiyo pamoja. Leo asubuhi nimekwenda maabara, na mkuu wake amekubali kuniandikia barua endapo nitanunua kemikali zangu mwenyewe. Nimemwuliza pia kuhusu mwongozaji wangu, akasema aje naye. Namwomba Daktari anifafanulie jambo moja: nauli na malazi ya mwongozaji wiki hiyo niyaweke chini ya uchambuzi wa sampuli, au niyaandikie mstari wake?