Mrejesho: Boti ya alumini iliyokuwa ikivuja kwenye ribiti

Wakuu, salaam. Niliwauliza kuhusu boti yangu kuukuu ya alumini iliyokuwa ikiingiza maji kwenye ribiti (vipini vya chuma vinavyounganisha mabati yake), na ubao wa nyuma unaobeba injini ukiwa umeoza. Ahsanteni sana, boti imerudi majini.

Aliyeniambia nitie maji ndani boti ikiwa juu ya trela, Mungu akubariki. Niliweka kidogo tu, trela isielemewe, nikaingia chini na chaki. Ribiti zilizolegea zilijionyesha zenyewe: tone linajikusanya kwenye kichwa cha ribiti, linaning'inia, linadondoka. Tukazigonga upya, mmoja ameshikilia chuma kizito nje, mwingine yuko ndani na nyundo. Nyingi zimekaza kabisa. Zilizokuwa zimelika tumezitoa na kuweka mpya za alumini, kila moja na gundi ya baharini ya poliyurethani.

Ushauri wa kuziba kwa silikoni haukunifaa. Ilibanduka, na mabaki yake lazima yakwanguliwe yote, maana rangi haishiki juu yake.

Ubao mpya ni plaiwudi ya baharini, imepakwa epoksi (gundi ngumu isiyopitisha maji) pande zote mpaka ndani ya matundu ya bolti. Maji huanzia hapo kuozesha. Mbao zilizotiwa dawa ya shaba sikuzitumia, kama mlivyosisitiza, kwa kuwa shaba hula alumini. Rangi yenye shaba ya kupaka chini ya boti vilevile sikuitumia.

Mshono wa karibu na mkuku (uti wa chini wa boti) bado unatoa unyevu. Huo nitautafutia fundi wa kuchomelea alumini.